Makopo ya Bibi Maendeleo

Sikumpenda Bibi Maendeleo alipokuwa hai, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu amekufa. Mazishini kwake walisimama watu wengi wakasema alikuwa mama wa watu, alifungua macho ya wanawake wa Muleba nzima. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na migomba, nimeuma midomo. Mengi waliyoyasema yalikuwa kweli. Angesifiwa kwa uongo mtupu ningenyamaza, lakini alisifiwa kwa nusu ya ukweli, na ile nusu iliyobaki ninayo mimi.

Kwa wasiozikumbuka zama zile, Bibi Maendeleo alikuwa mtumishi wa serikali aliyepangiwa kwetu Izigo, wakati mkoa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Bwana Shamba alikuja kukuambia namna ya kupanda, Bwana Afya alikuja kukagua choo, na Bibi Maendeleo aliingia hadi chumbani. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha akina mama kutunza nyumba. Jina lake la ubatizo tulilijua, ila hakuna aliyelitumia, hata padri.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na alivaa raba nyeupe. Tope letu la masika ni jekundu na linang'ang'ania, watoto tulirudi nalo hadi magotini, lakini raba za Bibi zilibaki nyeupe. Nilizichukia raba zile kabla sijamchukia mwenyewe. Alipiga hodi akiwa tayari ameshaingia. Ukimkaribisha kiti, alikiinua kwanza, akakisogeza mahali ambapo yeye aliona kingefaa kukaa, ndipo akakaa. Alipokuwa anaongea na wewe mkono wake haukutulia, ulikuwa unageuza kikombe ili mkono wa kikombe uelekee upande mmoja na wenzake.

Siku moja kulikuwa na msiba kwa jirani yetu, fundi seremala, Mlutheri, mtu mpole sana. Waombolezaji walivua viatu mlangoni wakaingia kulia. Bibi alifika amechelewa, akakuta viatu vimetapakaa. Hakuweza kuvipita. Akainama akavipanga vyote kwenye mstari, vikubwa huku, vidogo kule, vya ngozi mbali na vya plastiki. Watu walipotoka kwenda makaburini kila mtu alikuwa anatafuta kiatu chake pale alipokiacha, na jeneza likasubiri. Mzee mmoja alikwenda kuzika amevaa kandambili za mjukuu wake. Yeye Bibi alisimama pembeni akisema, "Lakini viko kwenye mstari, jamani, viko kwenye mstari!"

Tulicheka sana siku ile. Mama alicheka hadi akashika mbavu.

Nitasema mazuri yake, nisije nikaonekana mchawi. Hakupokea zawadi ya mtu, hata mkungu mmoja wa ndizi, na katika miaka ile ambayo wakubwa wengi walikuwa wanarudi makwao wamebeba kuku wa wananchi, hilo halikuwa dogo. Alimlazimisha mwanamume mmoja mkorofi atoboe dirisha jikoni kwa mkewe aliyekuwa anakohoa moshi, akasimama pale akimwangalia mpaka tundu likapatikana. Alimfokea hata katibu wa tawi kwa kutupa maganda ya miwa ofisini. Mwoga hakuwa.

Na nyumba yake mwenyewe ilikuwa kama alivyohubiri. Watu hupenda hadithi ya mhubiri ambaye kwake kuchafu, na mimi ningependa kuwapa, lakini siyo. Nilitumwa kwake mara moja na mwalimu wetu, kumpelekea ufunguo. Vijiko vililala sandukuni kwa ukubwa. Mashuka yamekunjwa kingo kwa kingo. Unga, chumvi, sukari, majani ya chai, kila kimoja kwenye kopo lake la maziwa ya unga, makopo yote ya aina moja, kila moja limebandikwa karatasi yenye jina. Aliniona nikishangaa, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nikaona uso wake umelegea.

"Nikikaa hapa," alisema, "nikaona kila kitu kimekaa kwao, moyo wangu unatulia. Unaelewa?"

Nilielewa. Mpaka leo naelewa. Kuna watu wa namna hiyo, wasiopumua mpaka kila kitu kimefungiwa na kuandikwa. Yule jirani yetu seremala yeye alikuwa mtu wa mirundo: mbao huku, maranda kule, misumari kwenye kofia ya zamani, na ukimwomba msumari wa inchi mbili alikupa bila kugeuza shingo. Shangazi yangu alikuwa mtu wa kuficha, pesa kwenye mto, pete kwenye unga, naye hakupoteza kitu. Hakuna kati yao aliyekuwa mchafu. Kila mmoja alikuwa na nyumba inayolingana na kichwa chake. Bibi Maendeleo alikijua kichwa kimoja tu, cha kwake, akakigawa kwa kata nzima kama mbegu ya serikali.

Mama yangu alikuwa mtu wa kutundika na kuchomeka. Tulikaa kwenye msonge, nyumba ya mviringo ya nyasi, na kuta za nyasi zinapokea kila kitu. Kisu kilichomekwa juu ya jiko. Sindano kwenye nguzo ya kati, usawa wa bega lake. Chumvi kwenye kibuyu kinachoning'inia. Jembe lililazwa juu ya mlango kwa ndani, mpini kulia. Chini kulitandikwa nyasi mbichi kama ilivyo desturi yetu, nene karibu na mahali pa wageni, nyembamba kuelekea jikoni. Kahawa ya kutafuna ilikaa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, kilichosukwa laini kabisa, na mbegu ya maharage, iliyochanganywa na majivu isiliwe na wadudu, ilikaa kwenye kikapu cha mikunjo mikubwa, chini ya kitanda. Mgeni akiingia aliona vurugu. Bibi alipoingia mara ya kwanza alisema, "Hii si nyumba, hiki ni kiota."

Hakujua, au mimi niliamini hajui, kwamba Mama alikuwa haoni.

Macho yake yalianza kufifia nikiwa mdogo shuleni, na nilipofika darasa la saba alikuwa anatofautisha mchana na usiku, basi. Siri hiyo ilikuwa yetu sisi wawili. Baba alikuwa amefariki, na mimi ndiye mtoto pekee, wa kike. Baba Mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikitamani kibanja chetu tangu matanga: migomba mizuri, mibuni iliyokomaa, tena kando ya barabara. Kwa desturi ya ukoo angekichukua mapema. Kilichomzuia ni siasa. Katibu wa tawi alimwambia mbele ya watu kwamba ardhi sasa ni ya anayeilima, na huyu mama analima, kwa hiyo ondoka. Na Mama alilima kweli. Alipalilia kwa kupapasa, aliijua migomba yake mmoja mmoja kwa shina. Kukaa kwetu pale kulitegemea jambo moja tu, kwamba anaonekana anaweza.

Kwa hiyo hakwenda kwenye kisomo cha watu wazima, asije akapewa kitabu mbele ya watu. Bibi akamwita mkaidi. Mama alikubali kuitwa mkaidi.

Kisha ikasemwa wanakuja wageni wa wilaya kuona maendeleo ya akina mama, na Bibi akachagua nyumba yetu iwe nyumba ya mfano. Alikuja asubuhi na wanawake wawili wa nyumba kumi zetu, mimi nikiwa shule. Niliporudi nilimkuta Mama amekaa nje, juu ya jiwe la kuogea, mikono mapajani.

"Mama, kuna nini?"

"Wamenihamisha," alisema. "Wamenihamisha nikiwa ndani ya nyumba yangu."

Niliingia. Nyasi zote za chini zilikuwa zimetolewa na kuchomwa, sakafu imesiribwa kwa udongo, laini, kila mahali sawa. Kuta zilikuwa tupu. Ukutani kulikuwa na rafu mpya ya mbao, na juu yake makopo ya maziwa ya unga, yote ya aina moja, yamebandikwa karatasi: CHUMVI, KAHAWA, MBEGU, SABUNI. Vikapu vya Mama vilikuwa vimetupwa kwenye shimo la taka. Vilikuwa vimeoza, wale wanawake waliniambia baadaye.

Kesho yake nilimfuata Bibi njiani. Nilikuwa msichana wa adabu, nilipiga goti, nikamwita waitu, neno letu la heshima.

"Bibi, waitu, Mama amezoea vitu vyake vilivyokuwa. Naomba turudishe hata kidogo."

"Kuzoea ndio ugonjwa wenyewe, mwanangu."

"Hapati kitu sasa."

"Nyumba lazima isomeke. Asome. Si nimemwandikia? Wewe uko darasa la saba, mfundishe mama yako herufi."

Nilitaka kuvirudisha vitu vyote usiku huohuo. Mama akakataa. "Tukikataa watauliza kwa nini tunakataa," alisema. "Wageni watakuja, watakwenda, ndipo tutapanga tunavyotaka." Basi akaanza kujifunza nyumba yake upya, akiwa na umri wa kuwa na wajukuu. Aligonga bega kwenye rafu. Alitia sabuni kwenye mchuzi, tukamwaga, tukalala na njaa tukicheka kidogo. Makopo ndiyo yalimshinda, kwa kuwa yalifanana kama mayai, na Bibi alikuwa amekataza mtu kutia mkono ndani. Mkono ni uchafu, alisema. Mgeni afunguliwe kopo, achukue mwenyewe. Mwishowe tulifunga uzi wa mgomba kwenye kopo la kahawa. Fundo dogo tu. Mama alilipapasa mara nyingi, akatabasamu, akasema hilo sasa amelishika.

Asiyetoka kwetu hajui kahawa ya kutafuna ni nini kwa Mhaya. Si kinywaji. Ni buni iliyochemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa, na mgeni akikanyaga kwako ndiyo unayompa kabla ya neno lolote la maana. Mwenyeji anampa kwa mkono wake mwenyewe. Kutoitoa ni tusi, na kuitoa vibaya ni aibu inayosimuliwa.

Siku ya wageni Bibi alifika mapema. Nilimwona akipita kwenye rafu, anageuza makopo majina yatazame mbele. Akafika kwenye lile lenye uzi. "Hii takataka ya nini tena?" akasema, akatoa mkasi mfukoni, akaukata uzi, akausogeza mstari wote wa makopo ukae sawasawa. Nilifungua mdomo, na palepale gari likasikika.

Waliingia wengi. Mbele alikuwa bwana mmoja mnene wa wilayani, mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu, na nyuma yao wote, mlangoni, alisimama Baba Mdogo. Bibi alieleza. Bwana alisifu rafu, alisifu sakafu. Mama alisalimia vizuri, akainuka kwenda kuleta kahawa. Niliuona mkono wake ukipita juu ya makopo ukitafuta fundo. Ukapita tena.

"Hiyo hiyo, mama, mbele yako," Bibi alisema kwa sauti ya furaha, kwa sababu wageni walikuwa wanasubiri.

Mama akachukua lililokuwa mbele yake. Akalifungua kama alivyofundishwa, bila kutia mkono, akampelekea mgeni kwa mikono miwili na goti. Yule bwana alikuwa anaongea. Akatia vidole bila kutazama, akatupia mdomoni, akauma. Kisha akatema kiganjani, na midomo yake yote ilikuwa na majivu.

"Maharage!" alisema. "Mama, umenipa mbegu!"

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, hakuwa mtu mbaya. Lakini Mama alikuwa bado amepiga goti, amenyoosha kopo, uso wake umegeukia pembeni kidogo ya alipokuwa yule bwana. Akaniuliza, "Kuna nini? Koku, kuna nini?" Ndipo kicheko kikapungua, na watu wakaanza kumtazama. Baba Mdogo hakuwa amecheka kabisa. Alikuja mpaka mbele ya Mama, taratibu, akapitisha kiganja chake mbele ya uso wake, mara moja kwenda, mara moja kurudi. Mama hakupepesa.

Ukoo ulikutana kabla mwezi haujaisha. Walisema mwanamke asiyeona atachoma nyumba, atamlisha mtu sumu, kibanja kitageuka pori. Katibu wa tawi alikuwepo, akasema anayelima, anayelima, lakini Mama alipoambiwa aonyeshe mpaka wa shamba kwa kidole alionyesha hewa, na katibu akakaa chini. Baba Mdogo alileta baiskeli yake kutubebea mizigo hadi Kemondo, kwa mjomba wangu, kaka yake Mama, na kweli alitubebea kwa uangalifu. Migomba yetu aliianza kuvuna juma hilohilo.

Bibi Maendeleo hakuja kwenye kikao. Hakuja kutuaga. Nilisikia alipelekwa mjini baadaye, cheo kikubwa zaidi.

Mama aliishi Kemondo miaka mingi katika chumba cha nyuma, nyumba yenye watoto wengi, ambamo hakuna kitu kilichobaki mahali pake hata saa moja. Mkaza mjomba alikuwa mwema, alimpa ukuta mmoja atundike chochote anachotaka. Alitundika vichache. Alisema hana tena cha kutundika. Alikuwa mama mchangamfu, na pale akawa mtu wa kukaa na kungoja kuletewa. Nilimzika huko, mbali na kaburi la Baba, ambalo liko kibanjani kwetu na sasa linapaliliwa na wengine, ikiwa linapaliliwa.

Mimi nikawa fundi cherehani Bukoba mjini, barazani karibu na soko. Nimerithi kwa Mama: nyuzi zangu zinaning'inia kwenye misumari, vitambaa vimerundikwa, sindano ziko begani mwa gauni langu. Sijawahi kupoteza kipande cha mteja.

Alikuja siku moja miaka ya baada ya vita, wakati kitambaa kilikuwa adimu na watu wanapanga foleni alfajiri kwenye duka la ushirika. Alikuwa amestaafu, amejenga Nshambya, hapohapo mjini. Raba ni zilezile, nyeupe. Alikuwa na kitambaa kizuri cha maua, anataka mapazia. Alisimama akatazama baraza langu kutoka kona hadi kona, na nikaona mkono wake unawashwa.

"Mwanangu, hapa unahitaji rafu," alisema.

"Nasikia, Bibi."

Aliponisikia nikimwita hivyo, akanikazia macho. "Wewe si wa Izigo? Si mtoto wa ile nyumba ya mfano?"

"Ndiye mimi."

"Ile nyumba!" Akakaa kwenye kiti changu cha wateja, akiwa ameshakisogeza. "Katika kazi yangu yote sijapanga nyumba ikapendeza kama ile. Mama hajambo?"

"Alifariki. Kwa mjomba, Kemondo."

"Pole sana, waitu. Pole."

Neno nililokuwa nimemtunzia lilikuwa limekaa kifuani mwangu tangu usichana. Nilikuwa nimeliandaa nikitembea, nikishona, nikisali. Nilijua siku nitakapolisema litamwangusha.

"Mama alikuwa kipofu, Bibi," nilisema. "Alikuwa haoni tangu kabla hujaingia kwetu. Vitu vyake alivijua kwa mkono. Ndiyo maana."

"Nilijua," alisema.

Mashine yangu ilikuwa inazunguka. Nikaisimamisha kwa kiganja.

"Ulijua lini?"

"Juma la kwanza. Mkono wake ulikuwa unatangulia, jicho halifuati. Nimeingia nyumba nyingi, mwanangu, siwezi kukosa kuona hilo."

"Ukajua, na bado ukapanga vile?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la darasa la kwanza. Hakukuwa na aibu usoni, wala ubaya. Heri ningeuona ubaya.

"Niliambiwa niandae nyumba moja ya kuonyesha," alisema. "Gari la wageni lisingeweza kupita migombani. Ya mama yako ndiyo iliyokuwa karibu na barabara."

Nilikichukua kitambaa chake cha maua, nikakikunja harakaharaka, nikamrudishia.

"Hushoni?"

"Sishoni."

"Nimeambiwa wewe ndiye fundi mzuri kuliko wote hapa sokoni."

"Umeambiwa kweli."

Alikipokea. Akakiangalia mikononi mwake, kimekunjwa ovyo, pembe moja inaning'inia. Akakifungua tena juu ya meza yangu, akalinganisha pindo kwa pindo, akakikunja mara mbili, akakipitishia kiganja mpaka kikalala vizuri, ndipo akakitia mkobani na kuondoka.